Mtanga Ndio Mai

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikilipwa kuelezea vijiji vya milimani vya Italia. Sijawahi kufika Italia. Sina hata pasipoti. Mteja hunitumia jina la kijiji, picha tano na orodha ya mambo ambayo hayafai kukosa: mahali pa kutazama machweo, njia ya kutembea kwa miguu, kanisa la zamani, chakula cha kienyeji. Mimi nafungua ramani, nasoma hapa na pale, halafu naandika maneno mia nane kwa Kiingereza kana kwamba nilizaliwa mtaa wa pili. Hii ndiyo kazi niliyoipata baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, na kusema kweli si mbaya. Inalipa bando na chakula. Kodi ya nyumba ndiyo iliyonishinda.

Kati ya vijiji hivyo, kimoja kilinikaa kichwani: Civita di Bagnoregio, kaskazini mwa Roma. Kimejengwa juu ya mwamba uliotokana na volkano, na chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua inakula udongo, mwamba unabaki hauna wa kuushika, na kijiji kinaanguka kipande baada ya kipande. Tetemeko la mwaka 1695 liliwafanya wakazi wengi wahame. Leo waliobaki wanaoishi pale mwaka mzima ni wachache mno, unaweza kuwaweka wote kwenye matatu moja na viti vikabaki. Unaingia kwa daraja la miguu tu, na tangu 2013 mgeni hulipa kiingilio. Waitalia wenyewe wanakiita mji unaokufa. Nilipoandika makala yake niliusifia sana ukimya wa vichochoro vyake. Mteja alifurahi. Sikuandika kwamba ukimya ule ulikuja kwa sababu watu waliondoka.

Mwezi wa nne, kodi ya chumba changu Mombasa ilipofika ya miezi mitatu, mama aliniambia, "Nenda kwa bibi yako Shela. Huko hakuna atakayekugongea mlango." Mama ni mtu wa Shela, kisiwani Lamu. Mimi nililelewa Mombasa, kwa hiyo Shela kwangu ilikuwa mahali pa Idd na likizo tu. Nilipanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti hadi Lamu mjini, halafu nikatembea. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita tatu kando ya maji, mwendo wa dakika arobaini ukiwa na begi mgongoni. Maji yakiwa yamejaa sana unalazimika kuvua viatu sehemu fulani, au urudi ukapande boti kama watalii. Nilivua viatu.

Siku ya pili mjomba alikuja kunisalimia. Akakaa barazani, akanywa kahawa vikombe viwili bila kusema la maana, kisha akatoboa. "Wewe si ndiye unayewaandikia Wazungu habari za vijiji? Basi niandikie na mimi." Kumbe kuna kiwanja. Ni cha bibi, nyuma kabisa ya Shela, pale nyumba zinapokoma na vilima vya mchanga vinapoanza. Kina mnazi mmoja uliokatika kichwa, ukuta wa mawe ulioanguka nusu, na kisima. Kuna dalali ambaye amepata watu wanaotaka kujenga nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea. Wanachotaka ni maelezo mazuri ya Kiingereza: mandhari, historia, asili. Bei ikikubaliwa, mjomba alisema, karo yangu yote ninayodaiwa chuoni italipwa na nitarudi darasani Septemba.

Nilikubali papo hapo. Maneno mia nane, nimeshaandika mara ishirini. Bibi alikuwa ndani akipepeta mchele na nilijua anasikia kila kitu. Mjomba alipoondoka, hakuniuliza kuhusu bei wala bwawa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na kisima utawambia?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza kisima kina nini. Akanyoosha mkono kuelekea vilima, akasema, "Mtanga ndio mai, mwanangu." Kwa Kiamu mchanga ni mtanga na maji ni mai. Kwa hiyo alikuwa amesema mchanga ndio maji. Niliona ni msemo wa wazee. Ilinichukua karibu mwezi mzima kugundua kwamba alikuwa akinipa taarifa, tena sahihi kabisa.

Anza na vilima vyenyewe, maana hata wewe ukienda ndivyo utakavyoviona kwanza. Ufuo wa Shela unaenda kama kilomita kumi na mbili, ukitazama Bahari ya Hindi ana kwa ana bila kisiwa cha kuukinga. Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia kama mwezi wa nne, unabeba mchanga mkavu wa ufuoni na kuusukuma ndani. Umefanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Matokeo yake ni safu ya vilima inayoanza mgongoni mwa kijiji na kufuata ufuo wote. Kwetu hakuna milima, kwa hiyo hii ndiyo milima yetu. Upande wa bahari vimeshikwa na mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau. Ukipita juu ukashuka upande wa pili, unakuta mabonde madogo yenye majani, mikoma, vichaka, na ndege usiowasikia ukiwa ufuoni. Mara ya kwanza nilipofika kule bondeni nilishangaa. Juu ni jangwa, na hapa chini ni kijani. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka mbinguni, yanaingia mchangani, yanakaa. Lamu hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, nyingi yake wakati wa masika. Mahali pengine mvua hiyo ingetiririka ikarudi baharini. Mchanga hauiruhusu. Unaifyonza yote, unaichuja, unaishusha taratibu hadi inapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Hapo ndipo penye ajabu. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari kwa kiasi kidogo sana, lakini kiasi hicho kinatosha kuyafanya yaelee. Chini ya vilima vya Shela kuna dimbwi kubwa la maji matamu lililolala juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Hakuna ukuta kati yao. Kinachoyatenga ni uzito tu.

Wanaosoma sayansi ya maji wana kanuni ya kukadiria jambo hili: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita arobaini chini yake. Inasikika kama utajiri. Lakini igeuze upande wa pili. Ukivuta maji ukateremsha ule usawa wa juu kwa mita moja tu, maji ya chumvi yatapanda kutoka chini kuelekea kwako, polepole, yakitafuta mizani mpya, na mwishowe yatakuwa yamepanda mita arobaini. Kisima hakikauki. Kinakuwa cha chumvi. Na kikishaingia chumvi, hakuna fundi wa kukitengeneza. Unasubiri mvua za miaka.

Visima vinavyolisha mabomba ya mji wa Lamu viko kandokando ya vilima hivi. Yaani mji ule wote, wenye milango ya kuchongwa na punda na misikiti, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, unakunywa kutoka kwenye mchanga wa Shela. Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu utaona walivyoyaheshimu maji hayo. Kwenye birika waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Mtu anayemjengea samaki bakuli anajua kwamba siku ya maji kupungua itafika.

Walijuaje? Jibu liko ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Manda. Ilibidi niende.

Takwa hufikiki wakati wowote unaotaka. Nahodha anakupangia kulingana na maji. Unaingia kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na yakipwa unabaki unatazama tope. Tulifika maji yakiwa juu, saa nne asubuhi. Ndani ni mji, au mifupa ya mji: ukuta unaozunguka karibu hekta tano, mabaki ya nyumba zaidi ya mia moja, mibuyu minene iliyoota mahali ambapo zamani palikuwa vyumba vya watu. Msikiti mkuu bado umesimama kiasi, na juu ya kibla chake kuna nguzo, kitu ambacho huoni misikiti mingine. Nje ya ukuta kuna kaburi lenye nguzo ndefu, na maandishi yake yanataja mwaka 1094 wa Hijra, yaani karibu 1683 kwa kalenda ya kawaida.

Watu waliishi Takwa kwa takriban miaka mia mbili, kuanzia karibu 1500 hadi karibu 1700. Halafu wakaondoka. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba pale mwaka 1951, alikuta mji uliokuwa na kila dalili ya ustawi. Sababu za kuhama zinazotajwa ni kadhaa, zikiwemo ugomvi na jirani mwenye nguvu, Pate. Lakini sababu inayorudiwa kila mara, na wataalamu na wazee, ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Manda haina vilima kama vya Shela. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe na mikoko. Mvua yake haina pa kulala.

Nilisimama karibu na kisima cha msikiti nikajaribu kufikiria ilikuwaje. Haikuwa siku moja. Hakukuwa na vita wala tetemeko la kuweka kwenye tarehe. Nadhani ilianza na mama mmoja kuonja maji akakunja uso. Mwaka uliofuata wakayatumia kuoshea tu. Kisha kila familia kwa wakati wake ikapakia vyombo kwenye mashua ikavuka. Walivuka kuja wapi? Kuja Shela. Watu wa Shela wanajihesabu kuwa wa asili ya Takwa na Manda, na jambo hili halijabaki kwenye midomo tu. Mara mbili kwa mwaka wanavuka kwa mashua kurudi Takwa, wanakwenda kwenye lile kaburi la nguzo, na wanaomba dua. Dua hiyo ni ya kuomba mvua.

Niliposikia hilo, nilirudi nikamuuliza bibi kwa nini hakuniambia. Akasema, "Si hukuuliza." Yeye alikwenda huko tangu msichana.

Sasa nikaanza kusoma historia ya Shela kwa jicho jingine, na kila nilipogusa nilikuta maji. Chukua vita vya Shela, yapata 1812. Hii ndiyo habari ambayo kila muongozaji wa watalii anaisimulia, na ana haki, maana ilibadilisha pwani nzima. Wakati ule Pate ndio waliojiona wakubwa wa visiwa hivi, na walikuwa wameungana na Mazrui waliotawala Mombasa. Lamu ilikataa kuwa chini yao. Jeshi la Pate na Mombasa likaja kwa majahazi na kuteremka Shela, ufuoni pale pale ambapo leo watu wanaota jua. Watu wa Lamu wakatoka kupambana nao, wakawazidi nguvu. Wavamizi wakakimbilia vyombo vyao. Wakakuta bahari imekupwa. Majahazi yamekaa kwenye mchanga, yamelala ubavu, hayasukumiki. Wengi waliuawa hapo hapo, kati ya vilima na vyombo vyao wenyewe. Wenyeji husema hadi leo upepo ukichimba sana huibua mifupa.

Fikiria kwamba waliokuja ni watu wa pwani. Wameishi na maji kujaa na kupwa tangu watoto. Hawakushindwa na jambo wasilolijua. Walishindwa na jambo walilolijua wakadhani kwa siku moja watakuwa na haraka kuliko bahari. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria mjomba, na mimi mwenyewe pia.

Ushindi ule uliiogopesha Lamu badala ya kuituliza. Walijua Mazrui watarudi kulipiza. Wakatuma ujumbe Muscat kwa Seyyid Said wa Oman, wakiomba ulinzi. Akaleta askari na liwali. Ngome unayoiona leo katikati ya mji wa Lamu ilikamilika yapata 1821. Lamu ilipata amani na biashara, na Shela nayo ikastawi. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara mweupe kama koni unaoonekana kutoka baharini, ni wa mwaka 1829. Lakini mlango ukiufungua hujui utapita nini. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said, na Zanzibar ikawa makao yake. Ilipofika mwisho wa karne ile, pwani yote ya Kenya ilikuwa mali ya Sultani kwa jina na ya Mwingereza kwa vitendo.

Na hapa kuna tarehe moja ambayo waongozaji wa watalii hawaitaji kwa sababu haina damu: 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi pwani. Kila aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa ajitokeze athibitishe, apewe karatasi. Ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai kwa namna waliyoitaka wao ikahesabiwa kuwa ya serikali. Sasa niambie, nani angekwenda kuandikisha kilima cha mchanga? Kinahama. Hakilimwi. Hakikuwa na mwenyewe kwa sababu kilikuwa cha kila mtu, na kila mtu alijua kinafanya kazi gani. Lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Kwenye karatasi, mchanga ukawa ardhi tupu. Na ardhi tupu, kama tunavyoijua Kenya, huwa haikai tupu muda mrefu. Uhuru ulikuja 1963, bendera ikabadilika, lakini wazo la ardhi tupu lilibaki lilivyo.

Kwa muda mrefu halikuleta madhara kwa sababu hakuna aliyeutaka mchanga. Kisha dunia ikaugundua. Hoteli ya kwanza iliyoifanya Shela ijulikane na wageni, Peponi, ilifunguliwa mwaka 1967. Waliofuata walipenda wakanunua nyumba kuukuu, wakazirekebisha vizuri kabisa, wengine vizuri kuliko tungeweza sisi. Sitaki kuandika kana kwamba kila mgeni ni mwizi, maana si kweli, na nusu ya binamu zangu wamesomeshwa na kazi za nyumba hizo. Tatizo ni la hesabu. Nyumba ya zamani ya Shela ilikuwa na vyumba vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, chini ya mita tatu. Watu wengi, nafasi ndogo, maji kwa kata. Nyumba mpya ina bafu kila chumba, bustani ya maua yasiyo ya hapa, na bwawa. Kijiji kinapojaa, nyumba zinasogea nyuma. Nyuma ni vilima. Ukiweka saruji juu ya mchanga, mvua haiingii tena. Na chini ya saruji hiyo hiyo unachimba kisima na kuweka pampu.

Vilima vya Shela vimetambuliwa kuwa chanzo cha maji cha kulindwa. Mtu akikuambia hakuna sheria, anakudanganya. Lakini sheria iko kwenye jalada na pampu iko kwenye mchanga.

Kuna usiku mmoja nilikaa nikafikiri kwamba haya yote ni makubwa kuliko mimi. Mtu aliyeacha chuo, anayedaiwa kodi, anaandika tangazo la kiwanja kimoja. Kitabadilisha nini? Kisha nikakumbuka kilichotokea hapa hapa Lamu mwaka 2019. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, bara, karibu megawati 1,000. Ulikuwa na leseni, wenye pesa, na serikali nyuma yake. Watu wa Lamu walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye tathmini ya athari za mazingira. Yaani karatasi zilijazwa bila wao kuelezwa walichotakiwa kuelezwa. Mradi mzima uliangushwa na swali la nani aliambiwa nini.

"Na kisima utawambia?" Bibi alikuwa ameuliza swali lile lile.

Basi niliandika. Nilianza kama ninavyoanza vijiji vya Italia, kwa machweo, kwa sababu machweo ya juu ya vilima ni mazuri kweli na sioni haya kuyasifia. Nenda saa kumi na moja jioni, mchanga ukiwa umepoa, upande pale nyuma ya kijiji, ukae. Kushoto kwako utaona mnara wa msikiti, mbele yako Manda na mikoko yake, kulia povu la bahari mpaka macho yachoke. Nikaandika kuhusu Takwa. Nikaandika kuhusu vita. Halafu nikaandika kuhusu kisima. Kwamba kina kina cha mikono kadhaa, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na nyumba tatu zaidi ya ya bibi huchota hapo bila malipo. Kwamba tangu miaka ya karibuni, ifikapo mwezi wa pili kabla ya masika, maji yake huwa na chumvi kidogo. Kwamba kiwanja kiko juu ya maji ya mji mzima, na atakayejenga bwawa ajue analijaza kutoka wapi.

Mjomba aliisoma barazani, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alivua miwani. "Hili si tangazo," alisema. "Hii ni kesi."

Nikamwambia ni kweli yote.

"Najua ni kweli. Nimezaliwa hapa." Akakunja karatasi akaitia mfukoni. "Na karo yako je? Utakunywa maji ya kisima wewe mpaka uzeeke?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, na sitajifanya nilisema jambo la busara. Niliutaka ule mwaka wa nne. Bado nautaka. Mjomba si mtu mbaya. Ana watoto watano na mashua yenye injini mbovu, na bei aliyotajiwa hajawahi kuiona kwenye karatasi yoyote. Wale watu wa Takwa nao, nina hakika, kulikuwa na mmoja aliyesema tuchimbe kingine, tuna haraka, watoto wanalia. Huenda alikuwa na haki pia.

Hajaituma ile karatasi kwa dalali. Wala hajaichana. Dalali anapiga simu kila wiki na mjomba anamwambia kijana bado anaandika. Kiwanja ni cha bibi, na bibi hajasema ndiyo wala hapana. Jioni moja alinituma nikachote maji ya chai. Nilitia ndoo, nikasikia ikigonga maji chini, nikaivuta. Kabla ya kurudi nilichota kwa kiganja nikaonja. Yalikuwa baridi. Yalikuwa na chumvi kwa mbali sana, kiasi kwamba usipoambiwa hujui. Nilipoingia ndani bibi aliniuliza yakoje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akatia sukari kijiko kimoja zaidi.

Juzi mteja wangu ametuma kijiji kipya. Kiko juu kabisa, mlimani, kina kanisa, kina njia ya miguu, kina mahali pa kutazama machweo. Kabla ya kuanza nimemwandikia swali moja: watu wa pale huchota maji wapi? Bado hajanijibu.